Pasi Haikufa, Niliinyonga

Fundi aliigeuza pasi yangu mara moja tu, akaukunja waya pale unapoingia kwenye mpini, akaukunjua, akausikiliza. Kisha akaniangalia.

"Mama, hii haikufa yenyewe. Umeinyonga."

Nilicheka. Akanionyesha. Kila nilipomaliza kunyoosha nguo nilikuwa na tabia ya kuuzungusha waya kwenye mwili wa pasi ingali moto, nikaukaza vizuri ili kabati lipendeze. Joto lilikuwa likiukausha mpira wa waya, na ule mkunjo wa shingoni, uleule kila siku, ulikuwa ukizikata nyuzi za shaba moja baada ya nyingine. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka minne bila kujua. Mwisho zilibaki nyuzi chache, zikazidiwa na umeme, zikaungua. Bamba la chini lilikuwa zima, swichi ya joto nzima, tundu za mvuke nzima. Na mimi nilikuwa nimeifuata karakana nikiwa nimeshamchagua mrithi wake dukani.

Akaweka waya mpya. Dakika kama ishirini.

Jioni hiyo nilifungua kabati la chini, lile ninalotupia vitu vilivyoharibika ambavyo sina moyo wa kuviaga. Nikavipanga sakafuni: vilikuwa kumi na tisa. Bei ya kila kimoja niliikumbuka, hata nilivyokisifia siku ya kwanza nilikumbuka. Nilichokuwa sijui ni kitu kimoja tu: kila kimoja kilikufa kwa nini. Niliishia kusema "kimeharibika", kama mtu anayesema mvua imenyesha, halafu naenda kununua kingine cha aina ileile, naanza kukiua upya.

Nikachukua daftari, nikapiga safu tatu: kitu, tarehe ya kununuliwa, chanzo cha kifo. Mume wangu alipoliona aliliita daftari la maiti, na jina likakaa. Ni miaka tisa sasa. Vimo vitu arobaini na moja vilivyokwisha kufa. Nilipoanza nilikuwa na hakika kwamba safu ya tatu itajaa neno moja, "kibovu", yaani mtengenezaji aliniibia. Hali ni hii: ishirini na tatu niliviua mwenyewe, kumi na viwili viliuawa na kijisehemu kidogo ambacho hakiuzwi, na sita tu ndivyo vilivyokuwa vibovu tangu tumboni mwa kiwanda. Si utafiti, ni nyumba moja na watu wanne. Lakini ni nyumba yangu, na hesabu hizo zilinitia aibu kwa siku kadhaa.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa ya kikaango.

Nilinunua kikaango kisichogandisha, kile tunachokiita nonstiki, na wiki ya kwanza yai liliteleza ndani yake kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Nilipiga video. Niliwatumia ndugu na marafiki, nikawaambia wanunue bila kufikiri. Watatu walinunua. Mwezi wa nane yai likaanza kushika katikati, mwezi wa kumi na moja utando ulikuwa na mikwaruzo na mabaka, na dada yangu mkubwa akanipigia simu, hakuniuliza hali: "Wewe, kikaango chako umekiona?" Alisema "chako", ingawa alikuwa anazungumzia chake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kitu kipya ni mgeni wa siku mbili. Kila chombo ni kizuri wiki ya kwanza, maana bado kinakula wali wa ugeni. Tangu simu ile ya dada sitoi maoni yoyote juu ya kitu ambacho sijakaa nacho mwaka, na ninapoulizwa mapema najibu "bado ni mgeni".

Kwa hiyo sikiliza sasa, vikaango vitatu na miaka saba baadaye. Utando ule ni plastiki iitwayo PTFE, maarufu kwa jina la Teflon. Mmarekani Roy Plunkett aliigundua kwa bahati mwaka 1938 akihangaika na gesi za majokofu, na vikaango vyake vikaanza kuuzwa Ufaransa katika miaka ya 1950. Sifa yake ni kwamba karibu hakuna kinachoshikamana nayo. Udhaifu wake ni joto: ikipita nyuzi 260 hivi za Selsiasi huanza kuharibika, na ikiendelea kupanda hutoa moshi unaoweza kumpa mtu homa na kuua kabisa ndege wa kufugwa. Nyuzi 260 zinasikika nyingi mpaka ujue kwamba kikaango kitupu kwenye moto mkali huzifikia kwa dakika chache tu. Na mimi mazoea yangu yalikuwa kukiweka kikaango kwenye moto wa mwisho, kisha ndipo naanza kutafuta mafuta, kukatakata vitu, kupokea simu.

Cha kwanza kilikufa hivyo. Cha pili nilikitunza kwa moto, nikanunua na miiko ya mbao, lakini nilikuwa nakitoa motoni na kukisukumia chini ya bomba la maji baridi kwa ule mlio wa *shaa* unaomfanya mpishi ajione hodari. Kikapinda. Tumbo likainuka katikati, mafuta yote yakakimbilia pembeni, kukawa na kisiwa kikavu kinachoungua kila siku. Utando ulikuwa mzima kabisa. Kilichokufa ni umbo. Cha tatu kina miaka mitatu na nusu sasa, na hakikuwa ghali kuliko wenzake. Kinakaa kwenye moto wa kati, kinapoa chenyewe, kinaoshwa kwa sponji laini, na hakibebeshwi sufuria nyingine juu kabatini bila kitambaa katikati. Hayo tu. Lakini nikisema ukweli wote, hata hiki naona kinaanza kuchoka, na sidhani kitafika miaka sita. Kikaango cha namna hii ni kama ndala: ukitunza utachelewesha siku yake, hutaifuta. Ndiyo maana sinunui tena cha bei kubwa. Fedha nyingi kwenye utando ambao lazima utakwisha ni fedha iliyowekwa mahali pabaya.

Baada ya cha pili kufa, nilipata wivu wa wale wanaotumia vikaango vizito vya chuma cha kusubu walivyorithi kwa bibi zao. Nikanunua. Ningependa kuwaambia kwamba nilifanikiwa. Kwanza nilikipaka mafuta mengi mno kabla ya kukichoma, nikidhani mengi ndiyo ulinzi. Yakaganda yakawa gundi ya kahawia inayonata vidole. Ule weusi mgumu unaofanya chakula kisishike hutokana na mafuta membamba sana, unayapaka halafu unayafuta kana kwamba ulipaka kwa bahati mbaya, kisha unakichoma, unarudia. Pili, nilikiloweka usiku kucha, asubuhi kikawa chekundu kwa kutu. Nikalia, si kwa mfano, nililia kweli, nilikuwa nimechoka siku hiyo na kutu ile ikawa kama tusi. Mume wangu akakisugua kwa stili wuli mpaka kikawa kijivu, tukaanza upya. Tatu, mwaka mzima nilikiosha kwa maji matupu kwa sababu nilisikia sabuni ni mwiko. Si kweli, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo haiondoi weusi uliokwisha kuwa mgumu. Kinachouondoa ni kupika humo kwa muda mrefu vitu vyenye asidi kama nyanya na limao.

Maoni yangu baada ya miaka minne: kitaishi kunipita mimi na pengine wanangu, na kwa kukaanga vitu vinavyotaka moto mkali sijaona mfano wake. Lakini ni kizito, mkono wa mama yangu hauwezi kukiinua, na asubuhi nikiwa na haraka ya yai ninachukua kile cha utando. Wanaokuambia utupe vyote ubaki na cha chuma peke yake hawakuandalii watoto wa shule.

Blenda ndiyo kifo kilichonigharimu kuliko vyote, na humu ndimo nilimojifunza swali ambalo sasa nauliza kabla ya kununua chochote.

Nilikuwa nimeshaua blenda mbili za bei ndogo, na cha rahisi ni ghali, tukaambizana. Tukajinyima miezi, tukanunua iliyokuwa juu kabisa rafuni, bei kama ya zile mbili mara tatu. Mota yake ilikuwa na nguvu ya kutisha. Mwaka wa tatu, siku moja, mota inanguruma lakini visu vimetulia tuli. Nikadhani mota imekufa. Fundi yuleyule wa pasi akaitazama chini ya jagi, akacheka kwa huzuni. Kati ya mota na visu kuna kigurudumu cha mpira chenye meno, kidogo kuliko kifuniko cha chupa. Meno yamelika yote. Kazi yake ni kufa kabla ya mota, kama fyuzi, jambo ambalo ni la busara. Shida ni kwamba mtengenezaji yule hakiuzi peke yake. Ulitakiwa ununue jagi zima pamoja na visu vyake, kwa bei inayokaribia mashine mpya.

Fundi alijaribu cha mashine nyingine. Kilikaa wiki mbili. Akajaribu kukichonga. Siku tatu. Mashine yenye mota ambayo ingeweza kufanya kazi miaka kumi ipo kabatini mpaka leo, na nikiipita naona fedha za miezi ile tuliyojinyima zimesimama mle zikiwa na waya.

Kwa hiyo swali langu dukani si tena "inadumu?" Hakuna muuzaji atakayejibu haidumu. Nauliza: "Kinachokufa kwanza ni nini, na mnacho?" Waulize hivyo uone nyuso zao. Wengine hukasirika. Mmoja aliniambia, "Mama, unanunua au unazika?" Lakini kuna kijana mmoja ambaye hakusema neno, aliinama chini ya kaunta akatoa boksi la mipira ya mifuniko, brashi za mota na vifungo, akalimwaga mbele yangu. Kwake ndiko ninakonunua mashine zote. Ufaransa wameligeuza swali langu kuwa sheria: Januari 2021 baadhi ya bidhaa kama simu, kompyuta mpakato na mashine za kufulia zilianza kubandikwa alama ya kati ya 0 na 10 iliyoonyesha urahisi wa kuzitengeneza, na upatikanaji wa vipuri na bei yake vilihesabiwa humo. Kwingine kwingi inabidi uulize mwenyewe.

Chupa ya chai ndiyo inayonipa moyo katika daftari hili. Ni ya chuma, haina urembo, bei yake ya kati, na ina miaka tisa. Ni kati ya vitu vya kwanza nilivyoviandika tarehe kitakoni. Teknolojia yake ni ya kizamani: James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, aliibuni mwaka 1892 akitaka mahali pa kuhifadhia gesi zilizofanywa maji kwa baridi kali. Kuta mbili, katikati hakuna hewa, joto halipati daraja la kuvukia. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosuguana. Kinachochakaa ni mpira wa mfuniko pekee, na mpira huo nimeubadilisha mara tatu kwa fedha ya kununulia kalamu.

Katikati ya miaka hiyo nilipewa zawadi ya nyingine, ya kifahari, mfuniko wenye kitufe unachobonyeza kwa kidole gumba. Ndani ya kitufe kulikuwa na springi na vijia ambavyo brashi haifiki. Baada ya miezi kadhaa kila kinywaji kikawa na harufu ya kitambaa kilichooza. Niliufungua mfuniko kwa bisibisi, nikaona ukungu mweusi, nikakumbuka nimekuwa nikimwekea mwanangu kinywaji humo kila siku. Sikulala vizuri. Mfuniko ambao huwezi kuufungua vipande vyote kwa mkono, usiununue, hata ukiwa umepambwa kwa dhahabu.

Ukitaka kujua kama chupa yako bado nzima, ijaze maji yaliyochemka, funga, subiri dakika kumi, ipapase nje. Ikiwa na joto mwilini, hewa imeingia kati ya kuta na hakuna fundi wa kuitoa. Kijoto karibu na mdomo ni kawaida.

Birika la umeme sina mengi. La kwanza liliuawa na chokaa: maji ya kwetu ni magumu, ukoko mweupe ulijenga chini mpaka likawa linapiga kelele kama treni na kuchelewa kuchemka. Kumbe maji yenye siki, au unga wa asidi ya sitriki, yakipashwa moto na kuachwa humo nusu saa yanauyeyusha wote, kisha unachemsha maji safi mara moja na kumwaga. Nafanya kila baada ya wiki sita. La pili nililiua kwa kuchemsha mfuniko ukiwa wazi. Wengi hawajui kwamba swichi ya kujizima haipimi maji, inapigwa na mvuke unaopitishwa kwenye kijia mpaka kwenye kibati kinachojikunja kikipata joto. Mfuniko ukiwa wazi mvuke unatokea juu, kibati hakisikii, birika linachemka mpaka linakauka. Nilikuwa bafuni.

Balbu. Nilinunua za LED zenye maandishi "saa 15,000" nikapiga hesabu: nikiwasha saa tano kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka minane. Ile ya bafuni ilikufa ndani ya mwaka, mrithi wake naye vilevile, huku ile ya barazani ya boksi lilelile ikiwaka mpaka leo. Nikasema hapa ndipo nilipoibiwa. Najua kisa cha mwaka 1924, pale makampuni makubwa ya balbu yalipokutana Geneva yakaunda kundi la Phoebus na kukubaliana balbu isizidi saa 1,000, na anayezidisha anatozwa faini, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuwadhania wema. Lakini taa ya bafuni ilikuwa ndani ya kibakuli cha kioo kilichofungwa kote. Vijitaa vyenyewe huwa havifi haraka; kinachokufa ni saketi iliyo kwenye shingo ya balbu, hasa kapasita zake, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, ambavyo kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki umri wao hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka. Nilikuwa nimezifungia kwenye jiko. Nikaweka kibakuli chenye matundu ya hewa, kilichofaa bafuni, na iliyopo ina miaka mitatu. Nikaandika mbili zile chini ya jina langu.

Sasa viatu, ambavyo vilinifunza jambo kinyume na yote.

Nilikuwa na viatu vya ngozi vyeusi nilivyovinunua kwa ajili ya shughuli kubwa. Vizuri mno. Kwa sababu vilikuwa vizuri mno, sikuvivaa. Kila nikivitoa naona shughuli haijavifikia, navirudisha. Kwa miaka sita nilivivaa mara nne. Vilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya boksi, boksi juu ya kabati, wakati vya kila siku vikiteseka chini. Mdogo wangu alipooa nikasema siku imefika.

Nilitembea navyo kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Nikahisi kitu laini chini ya kisigino, kama nimekanyaga mkate. Nikageuka nyuma nikaona vipande vyeusi sakafuni, vinanifuata. Soli ilikuwa inamomonyoka kama udongo mkavu. Nikafika kwenye kiti nikiwa nimebaki na kitambaa cha ndani, nikakaa harusi nzima nimekunja miguu chini ya kiti, na wakati wa kupiga picha shangazi akanivulia vyake, namba mbili kubwa. Kwenye picha naonekana nimesimama kama bata. Watu huniuliza.

Soli za namna ile ni za poliurethani, plastiki nyepesi yenye viputo vya hewa, ndiyo inayofanya kiatu kiwe laini na chepesi. Aina zake nyingi zina adui asiyeonekana: unyevu wa hewa. Unyevu unaingia polepole na kukata minyororo ya kemikali inayoishikilia, uvae usivae. Joto huongeza kasi, na mfuko wangu wa plastiki ulikuwa umefungia unyevu humohumo. Ngozi juu ilikuwa inang'aa kama siku ya kwanza. Kwa hiyo kile nilichokitunza kwa mapenzi kuliko vyote ndicho kilichonifedhehesha mbele ya watu mia mbili, na nilikuwa nimekivaa kwa jumla ya saa zisizofika thelathini. Ukigawanya bei kwa saa hizo, ni viatu ghali kuliko vyote nilivyowahi kumiliki.

Sikujua niandike nini kwenye safu ya tatu. Mwishowe niliandika "kuhifadhiwa".

Baada ya hapo nilitoa vitu vyote vya wageni: mashuka, vikombe, shati la mume wangu ambalo lebo ilikuwa bado inaning'inia. Lastiki za mashuka zilikuwa zimeshalegea. Sasa vinatumika. Na kwa viatu, naangalia soli: ya mpira au ngozi, iliyoshonwa, fundi anaweza kuibadilisha. Ile ya povu iliyomiminwa nanunua ya kuvaa kila siku, nikijua miaka yake inahesabika tangu kiwandani. Hii ina maana pia kwamba kiatu kilichopunguzwa bei kwa sababu kimekaa rafuni miaka si kipya. Kikunje kabla ya kulipa, na ubonyeze soli kwa ukucha.

Simu nitasema kwa kifupi kwa sababu imetugombanisha vya kutosha ndani ya nyumba. Mume wangu na mimi tulinunua simu zinazofanana siku moja. Yake huichaji usiku kucha chini ya mto na mchana huiacha juu ya dashibodi ya gari. Mwaka na miezi tisa betri yake ikawa haifiki saa nane mchana. Yangu imekwenda miaka minne. Betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony walizitoa sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991, huchoshwa na mambo matatu: joto, kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa kabisa, na mizunguko ya kuchaji. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kimekuwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai mizunguko 800 kwa simu mpya zinazouzwa huko. Mzunguko ni jumla ya asilimia 100, si kila unapochomeka: ukijaza nusu leo na nusu kesho, umehesabu mmoja. Chini ya mto joto halina pa kutokea, na hapo tusizungumzie betri tu, moto unaweza kuwaka. Na betri ikivimba, usiibonyeze wala kuitoboa. Zima simu, ipeleke kwa fundi.

Lakini lazima nikiri nilivyopotea upande wa pili. Kulikuwa na mwaka ambao nilikuwa naamka saa tisa usiku kuchomoa chaja isipite 80. Nilikuwa nimeokoa betri na kupoteza usingizi, na betri mpya ingenigharimu chini ya dawa za kichwa. Siku hizi nimeiwekea simu kikomo kwenye mipangilio yake, ijizuie yenyewe, na nalala.

Taulo: acha kutia maji ya kulainisha nguo. Yanaacha utando kwenye nyuzi na taulo linasukuma maji badala ya kunywa. Nilitupa mataulo sita nikisema yamezeeka. Yalikuwa yamepakwa mafuta tu. Halafu pima sabuni ya unga. Mimi nilikuwa natia mara mbili ya kilichoandikwa kwenye pakiti na nguo zikawa ngumu kama turubai.

Binti yangu ana miaka kumi na minne na ndiye anayeandika daftari siku hizi, maana mwandiko wake unasomeka. Kitu kikiingia nyumbani yeye hukigeuza, huandika mwezi na mwaka kitakoni kwa kalamu isiyofutika, halafu huuliza kwa sauti ya kupeleleza: "Hiki tutakiuaje?" Mwaka jana tulipokwenda kununua mwavuli alitumia karibu saa nzima. Alikataa wenye mbavu za chuma chembamba kwa sababu zinapata kutu kwenye maungio, akataka za fiberglasi. Akaufungua na kuufunga mara ishirini, akahesabu mishono ya ncha, akamuuliza muuzaji kama ana vile vikofia vidogo vya plastiki vya mwishoni mwa mbavu. Alikuwa navyo. Tukalipa. Nyumbani tukawa tunauanika wazi mpaka ukauke kabla ya kuufunga, hakuna aliyesahau hata siku moja. Katika miaka yote tisa sijawahi kununua kitu kwa akili kiasi kile.

Juzi nimelifungua daftari nikaona mwandiko wake kwenye mstari wa arobaini na moja. *Mwavuli mweusi. Miezi saba. Chanzo cha kifo: mama ameuacha kwenye basi.*